Ubao Usio na Picha ya Dereva

Nyumbani,
Jumapili, 12 Mei

Mwanangu,

Umeondoka mbiombio, hata vikombe vya wageni havijakauka. Sikulaumu, mitihani haimsubiri mtu. Ila nyumba imekuwa kubwa ghafla. Vyumba viwili tu hivi, lakini nikikohoa nasikia kikohozi kinanirudia.

Nakuandikia kwa sababu simu siiwezi. Nikisikia "haloo" yako nalia, nawe unaanza kulia, tunamaliza vocha nzima tukipokezana kwikwi. Karatasi ina subira. Kobe, dereva mwenzake baba yako, amesema kila akileta magari ya chuo huku gereji atapita kuchukua barua na kuniletea zako. Unamjua Kobe, mzito wa maneno na mzito wa miguu, lakini kwenye usukani hana mpinzani.

Sasa nikuulize, maana wewe ndiye macho yangu huko. Wanasemaje juu ya baba yako? Huku redio ilisema "mwendo kasi wa dereva," basi, imetosha. Basi limepinduka, wamekufa wanafunzi tisa na dereva, lakini mtaani waliokufa ni tisa. Huyo mwingine ni muuaji. Nikifika bombani wanawake wananyamaza. Jana mmoja akasema, sijui alitaka nisikie au vipi, kwamba alikuwa amelewa. Baba yako! Mtu ambaye soda tu ilimtia usingizi! Mtu aliyepewa jina la Mzee Taratibu na chuo kizima! Nilitaka kumjibu, ndoo ikawa imejaa, nikajitwisha nikaondoka. Naona aibu, mwanangu, na sijui naiona kwa kosa gani.

Na yule mwenzako wa chumbani, Twiga, anaendeleaje? Baba yako hakuchoka kumsifu. "Yule mtoto akiniona tu, shikamoo baba!" Na wenzako wengine vivyo hivyo, wanamzunguka kama amewazaa yeye. Alikuwa akinisimulia hayo akivua viatu hapo mlangoni, anacheka peke yake. Najua hao hawawezi kumsema vibaya. Niambie nipumue.

Mama yako


Bwenini,
Jumapili, 19 Mei

Mama mpendwa,

Shikamoo. Barua imenifika, Kobe alinipa kule nyuma ya gereji ya chuo.

Mama, usiwasikilize watu wa bombani. Huku hakuna anayemlaumu baba. Mlangoni mwa ukumbi wa chakula wametundika ubao wenye picha za marehemu wote, na yake ipo, ile aliyovaa sweta la kijivu ulilomfumia. Watu wanasimama kuitazama. Wenzangu wananipa pole mpaka nachoka kuitikia. Wanasema gari lilikuwa bovu na kwamba yeye alijitahidi.

Twiga yu hai. Mguu umevunjika pabaya, amelazwa hospitali ya mji wa kwao. Simu yake ilipondeka kwenye ajali, kwa hiyo sijaongea naye.

Kula, tafadhali. Kobe amesema umekonda.

Mwanao


Nyumbani,
Jumapili, 26 Mei

Mwanangu, mwalimu wangu mtarajiwa,

Mungu akupe maisha marefu! Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, nimekaa, nimelala. Kisha nikaipeleka bombani. Ndiyo, nimeipeleka bombani! Nikawaambia, "Wenye masikio wasogee." Nikaisoma pale penye picha na sweta la kijivu, nikairudia kwa faida ya waliochelewa. Yule aliyesema alikuwa amelewa kanibebea ndoo hadi mlangoni kwangu, na ana kiuno kibovu yule. Nimetembea kifua mbele, wiki hii sijui kuinama.

Kobe ameniambia kutakuwa na mkutano wa kumbukumbu tarehe 15 Juni. Nitakuja. Nataka kuiona picha kwa macho yangu, na niwashukuru hao wenzako mmoja mmoja. Nilipomwambia Kobe habari ya ubao alitazama viatu vyake, akasema, "Shemeji, mimi huwa sili pale ukumbini." Mwanaume mzima, haya kama mwari!

Nimeanza kumfumia Twiga sweta. Hebu nikadirie urefu wa mikono, au niendelee tu mpaka uzi uishe?

Mama yako mwenye furaha


Bwenini,
Jumapili, 2 Juni

Mama,

Shikamoo. Nakuomba usije. Barabara ni mbovu, miguu yako inavimba ukikaa sana garini, na viti vitakuwa vichache. Wamesema wazazi watapata siku yao, hii ni ya wanafunzi zaidi. Hotuba tu, mama, hotuba ndefu.

Nitakupigia picha ya ubao. Sweta mpe Kobe alilete.

Tafadhali mama. Nisikilize mara hii.

Mwanao


Hospitali, wadi ya mifupa,
Ijumaa, 7 Juni

Ticha wangu,

Mambo? Mimi bado nimening'inizwa mguu kama nguo kwenye kamba. Wauguzi wameunganisha vitanda viwili ili nienee. Pole kwa msiba wa mjomba wako, nilisikia ulisafiri kwenda kuzika wiki ileile ya ajali yetu. Misiba nayo haina adabu, inakuja kwa jumla.

Kuna jambo sina wa kumwambia isipokuwa wewe, maana wewe hukuwemo na huna upande.

Unajua safari zetu za mawe. Kila mwaka darasa linakwenda milimani kuchukua sampuli. Mwaka huu mhadhiri alisema tuchukue za kutosha madarasa yote yajayo, tusirudi tena kule. Basi tukashindana. Sisi watu wa miamba, bwana, mtu akiona jiwe lina mng'ao anamsahau mama yake. Kila mmoja akashuka na gunia lake, wengine mawili. Tukayapanga nyuma ya basi mpaka yakafika madirishani.

Mzee Taratibu akasema, "Wanangu, hili ni basi la watu." Mhadhiri akamwambia wewe endesha, mawe tuachie sisi, akaingia kwenye gari lake dogo akatangulia. Sisi tukaanza kumwimbia yule mzee: "Taratibu, taratibu, tutafika mwakani!" Mimi ndiye niliyeuanzisha wimbo huo, Ticha. Aling'ang'ana kidogo, kisha akacheka. Akatafuta kamba, akatusaidia kuyafunga mwenyewe. Halafu akaniita, "Wewe mrefu, njoo ukae huku mbele mlangoni, miguu ipate nafasi." Sijui kwa nini mimi.

Kwenye mteremko breki zikaanza kunuka. Akasema, "Shikeni viti," kwa sauti ileile ya siku zote. Upande mmoja korongo, upande mwingine mlima. Akalilaza upande wa mlima, upande wake. Wa mbele tuko hai. Wa nyuma waliangukiwa na magunia.

Kamati ya chuo ilipokuja kutuhoji, mhadhiri alikuwa ameshatutembelea na matunda. Alisema, "Msijichoshe na mambo ya mizigo, mmeshaumia vya kutosha." Basi wote tukasema hatukumbuki. Nimesema sikumbuki, Ticha, na mimi nakumbuka hata rangi ya kamba. Nikifumba macho naona aibu, nikifumbua naona miguu yangu.

Yule mzee sijui kama ana watoto. Kama anao, sijui wanakaaje wakisikia tunavyomsema.

Twiga


Nyumbani,
Jumapili, 16 Juni

Mwanangu,

Nimefika salama. Nakuambia hilo kwanza kwa kuwa hukupata nafasi ya kuniuliza.

Kobe alinikatalia. Nikapanda garini nikakaa, akaendesha huku ananung'unika hadi tunafika. Nilikuwa nimevaa vizuri. Nikaenda moja kwa moja kwenye ubao kutafuta sweta la kijivu. Nikaona picha tisa, watoto wazuri, mmoja ana mwanya. Nikaanza tena kutoka chini. Nikadhani yake imedondoka, nikachungulia nyuma ya ubao. Mlinzi akaniuliza, "Mama, unamtafuta mwanao yupi?" Nikamwambia nimemkosa.

Nikakaa. Mzungumzaji akasema "uzembe wa mtu mmoja," na ukumbi mzima ukaguna kukubali. Mama aliyekaa kando yangu amepoteza mtoto wake wa pekee, yule mwenye mwanya. Akanishika mkono, machozi yanamtiririka, akasema, "Mungu amlaani yule dereva." Na mimi mkono sikuuondoa. Nikamwambia, "Pole, dada."

Nje nikakuona na wenzako. Na wewe uliniona, usiniambie hukuniona, midomo ilikukauka. Yule wa miwani akauliza, "Ticha, ni mama yako huyu? Mnafanana!" Ukasema, "Hapana, huyu ni mama anayefuma masweta, nilimwagiza sweta la Twiga." Nami mbio nikadakia, "Ndiyo wanangu, nafuma masweta, poleni sana na msiba." Nikakukabidhi kifurushi. Ukasema "asante mama" kama anavyosema mteja yeyote.

Hasira ilinipata tukiwa njiani. Nilikutukana moyoni kwa matusi ambayo sikujua kama ninayo. Kobe akanieleza yaliyobaki. Kwamba tangu uingie chuoni hapo, nje ya madereva, hakuna anayejua wewe ni mtoto wa nani. Kwamba hao watoto wa "shikamoo baba" hawakuwahi kuwepo. Kumbe wote wawili mlikuwa mnanidanganya, baba yako akivua viatu, wewe kwa kalamu. Na mimi nikaenda kuyasoma bombani!

Lakini nilipofika nyumbani hasira ilikosa pa kukaa. Nani aliyemwambia mlinzi amemkosa mwanawe? Nani aliyepokea laana ya mumewe kwa mkono wake mwenyewe, akaifuta kwa "pole, dada"? Niliogopa kutazamwa. Mume niliyeishi naye ujana wangu wote, na nikaogopa kutazamwa. Kidole cha kukunyooshea sinacho.

Nieleze tu ilianzaje. Usiniandikie "nisamehe," hiyo hata mimi naweza kujiandikia.

Mama yako


Bwenini,
Alhamisi, 20 Juni

Mama,

Ilianza siku ya kwanza. Baba alinileta kwa basi la chuo, mimi na sanduku langu. Getini kulikuwa na wasichana wawili wa mwaka wangu. Mmoja akamtupia begi, "Dereva, shusha na hili." Baba akalidaka. Mwingine akaniuliza, "Mmekuja pamoja?" Kabla sijafungua mdomo, baba akajibu, "Huyu? Nimempa lifti tu njiani." Akanikonyeza. Jioni nilimfuata gereji, akaniambia, "Soma kwanza. Undugu tutaudai siku ya mahafali."

Nilicheka, mama. Nilimshukuru. Hicho ndicho kinachonichoma kuliko vyote, kwamba nilipata nafuu. Tangu hapo tukikutana nilimwamkia "shikamoo mzee," naye ananijibu "marahaba binti," anapita zake. Nilijiambia ni mchezo wetu wawili. Sikujua kwamba akija nyumbani anakusimulia watu wanaomwita baba. Nilipoisoma barua yako ya kwanza nilijifungia chooni nikalia, kisha nikatoka nikakuandikia ule uongo wa picha. Nilitaka baba akuletee furaha mara moja zaidi.

Nakutumia barua ya Twiga, isome. Nilipoimaliza nilifurahi, kumbe kuna wengine wa kulaumiwa. Halafu nikaionea aibu hiyo furaha, kwa sababu watoto wa watu wamekufa, na kwa sababu kamba alizifunga baba. Siwezi kukuambia baba hakukosa. Alijua, na bado alikubali. Nadhani alikubali kwa sababu walikuwa wanamtania, na alipenda kutaniwa na watoto wa rika langu, kwa kuwa wa kwake alikuwa anampita njiani kama mgeni. Na Twiga alimweka mbele kwa kuwa ni rafiki yangu. Hakuna sababu nyingine, mama.

Juzi nilikwenda ofisi ya kamati. Nje kuna benchi. Nilikaa mpaka katibu akaniuliza nina shida gani. Nikamwambia nimekosea mlango.

Ubaoni nimeenda pia. Yule mwenye mwanya alikuwa anasoma mwaka mmoja na Twiga, aliwahi kuniazima mwavuli. Wenzake kila asubuhi wanaipangusa vumbi picha yake. Wanasaidiana sana watu hapa, mama, wanalala vyumba vya wenzao waliofiwa ili mtu asibaki peke yake. Juzi walikuja kwangu pia, kunipa pole ya mjomba. Wakaniletea uji.

Nimeandika hivi bila kukuomba kitu, kama ulivyosema.

Mwanao


Hospitali,
Ijumaa, 5 Julai

Mama,

Shikamoo. Mimi ndiye Twiga. Sweta limenifika, na mikono imetosha. Ni mara ya kwanza maishani mwangu.

Ticha aliniletea mwenyewe. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akaniambia yule mzee alikuwa nani kwake. Mama, nilimfukuza. Nilimrushia kikombe, bahati nzuri cha plastiki. Nilimwambia, "Umeniacha nikuandikie yote yale, na wewe unapokea pole ya mjomba!" Akainuka akaondoka. Halafu nikakumbuka ni mimi niliyeanzisha ule wimbo. Nikapiga kelele mpaka muuguzi akamkimbilia hadi kituo cha basi akamrudisha. Tulilia mpaka mgonjwa wa jirani akaomba tuhamishwe.

Jumatano niliruhusiwa kutoka kwa siku moja, tukaenda kwenye kamati, mimi na magongo yangu. Nikasema yote, magunia, wimbo, kamba. Baada yangu wenzangu wawili nao wakakumbuka. Mhadhiri alikuwepo. Hakukana. Alilia, na sijui hata sasa kama nilimhurumia.

Ticha alizungumza vizuri sana, kama anasomesha. "Marehemu dereva alifanya hivi, marehemu dereva alisema vile." Mwenyekiti akamuuliza, "Na wewe binti, unahusikaje hapa?" Akachukua glasi ya maji akainywa yote. Sote tukawa tunamsubiri. Kisha akasema, "Ni baba yangu." Mwenyekiti akavua miwani.

Wataurekebisha ule usemi wa redioni. Wataandika pia kwamba dereva aliukubali mzigo, hilo hawatalificha, na Ticha amesema wasilifiche. Tarehe 20 kuna mkutano mwingine, kila familia itasimama na kusema habari za mtu wake. Wamemwekea nafasi. Hajajibu. Bwenini bado hawajui, na anawaogopa kuliko kamati. Anawaogopa hasa wale wanaopangusa picha kila asubuhi. Mimi mwenyewe sijui watampokeaje, siwezi kukudanganya. Wengine watahama meza.

Mama, mtu niliyemwimbia vile hayupo nimwombe radhi. Naileta kwako. Ukiona haifai kuipokea, nitaelewa.

Twiga


Nyumbani,
Jumanne, 9 Julai

Mwanangu,

Mwambie Twiga radhi yake imefika na nimeipokea. Mwambie pia baba yako alikuwa anaimbiwa vibaya zaidi na mimi hapa nyumbani, kila akichelewa chakula.

Jana nilikwenda bombani bila barua. Nikawaambia ile habari ya picha haikuwa kweli, na kwamba hakulewa, na kwamba alifunga mzigo ambao hakupaswa kuufunga. Nilisema yote matatu kwa pumzi moja, nisije nikaishia kwenye lile tamu. Wengine wakainua ndoo zao wakaondoka. Wawili wakabaki. Tumeteka maji pamoja, hatukusema mengi.

Tarehe 20 nitakuja. Kabla ya mkutano nitamtafuta yule mama wa mwenye mwanya, nimwambie mkono alioushika siku ile ulikuwa wa nani. Akinipiga, anipige. Hiyo ni kazi yangu, wewe usiniingilie.

Ya kwako ni nyingine. "Ni baba yangu" umeshaisema kwenye chumba kilichofungwa, kwa watu walioapa kutunza siri. Nimeisikia, na nimelia, na nimemshukuru Mungu. Lakini baba yako hakufanya kazi kwenye kile chumba. Alifanya kazi njiani, mbele ya bweni lako, mbele ya wale wa uji na yule wa mwavuli, na hao ndio aliokuwa akija kunidanganya kwamba wanamjua.

Sitakulazimisha, umeshakuwa mtu mzima. Nimemwambia Kobe anishushe barabarani, asiniingize. Mtu wa kwanza nitakayemkuta getini, awe mwanafunzi, awe mfagizi, nitamwambia, "Nipeleke kwa binti wa Mzee Taratibu." Akiniuliza, "Yupi huyo, mama?" nitamwona yule mama kisha nirudi nyumbani, wala sitakukasirikia. Akiijua njia, nitamfuata.

Mama yako